Ujirani na chuo uwekewe ratiba, fungu na jina: barua ya wazi kwa Baba Maaskofu na wakuu wa vyuo vikuu vya Kikatoliki Tanzania

Wahashamu Baba Maaskofu, Makamu Wakuu wa Vyuo na wajumbe wa mabaraza ya vyuo,

Tumsifu Yesu Kristo.

Tunawaandikia kuhusu mitaa na vijiji vinavyozunguka vyuo mnavyovisimamia: Malimbe na Luchelele zinazopakana na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) Mwanza, mitaa ya Moshi iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Mwenge, Iringa penye Chuo Kikuu cha Ruaha, na Tabora, Mtwara na Ifakara vilevile. Ombi letu ni moja. Uhusiano wa chuo na majirani zake uondolewe kwenye siku za maadhimisho, uwekwe kwenye kalenda, kwenye bajeti na kwenye majukumu ya mtu mwenye jina na ofisi.

SAUT haikuanza kama chuo kikuu. Ilianza mwaka 1960 pale Nyegezi kama kituo cha mafunzo ya jamii, kilichoanzishwa na Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza. Hadhi ya chuo kikuu ilikuja mwaka 1998. Jamii ilitangulia, shahada zikafuata. Naye Papa Yohane Paulo II, katika katiba ya kitume Ex corde Ecclesiae ya mwaka 1990, alivitaka vyuo vya Kikatoliki vichunguze matatizo mazito ya wakati wetu, akataja haki, maisha ya familia, utunzaji wa mazingira na mgawanyo wa haki wa mali za dunia, tena elimu yake iwafikie hata wasio wanafunzi. Kwa hiyo hatuleti jambo geni mbele yenu.

Kinachofanyika zaidi sasa ni ziara. Wanafunzi wanachangishana, wananunua sabuni, sukari, mchele na mafuta, wanakwenda kwenye kituo cha watoto au wodini, wanasali, wanapiga picha, wanarudi. Matendo ya huruma ni wajibu wetu na hatuyapingi. Lakini ziara haijibu tatizo lolote linalodumu zaidi ya wiki mbili, na picha za watoto wanaoonekana sura, zikisambazwa bila ridhaa ya mlezi, ni kosa dhidi ya watoto wenyewe; tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni suala la kisheria pia. Agizo la ukurasa mmoja kutoka kwa mshauri wa wanafunzi linatosha kulimaliza.

Tuingie kwenye utafiti, maana hapo ndipo majirani wanapovuliwa zaidi na kurudishiwa kidogo zaidi.

Njia ya kibali inajulikana. Andiko la utafiti la mwanafunzi linapita kamati ya maadili ya utafiti, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani au kwa mkurugenzi, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, naye anampa mwanafunzi mjumbe wa kumtembeza. Barua inashuka ngazi zote hizo, lakini hakuna karatasi inayopanda kurudi. Mwanafunzi akishajaza madodoso yake anaondoka, tasnifu inajalidiwa kwa Kiingereza, inawekwa maktaba. Mwaka unaofuata mwingine anakuja na maswali yaleyale kwenye nyumba zilezile. Tena ni zilezile kweli, kwa sababu mwanafunzi hana nauli: anachagua kaya zilizo karibu na lami na karibu na geti la chuo. Kaya hizo zimechoka na zimejifunza majibu yanayotarajiwa. Zile za mlimani au za kando ya ziwa hazijawahi kuulizwa. Hapo chuo kinaumia pia, maana takwimu kinazozalisha zinaeleza kaya za barabarani tu.

Tunapendekeza mambo matatu hapa. Kwanza, ofisi ya utafiti iwe na daftari na ramani ya kaya na mitaa iliyokwishahojiwa, na msimamizi alitazame kabla hajasaini andiko. Kaya isihojiwe na zaidi ya mwanafunzi mmoja kwa muhula. Pili, kila tasnifu iliyochukua taarifa kwa wananchi iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wenye jibu la swali lililoulizwa, tarakimu chache, na jambo ambalo mtaa unaweza kulifanya bila kusubiri mfadhili. Tatu, kwenye ile fomu ya kuaga chuo, inayosainiwa maktaba, hosteli na uhasibu, iongezwe nafasi moja ya kuthibitisha kwamba matokeo yamesomwa kwa wananchi.

Nafasi hiyo ikiachwa hivihivi itageuka mhuri wa kununuliwa. Kwa hiyo kinachoambatanishwa kisiwe sahihi ya mtendaji peke yake, kiwe nakala ya muhtasari wa mkutano ambamo matokeo yalikuwa ajenda. Vijijini mkutano mkuu unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi ajenda zake ni michango na ulinzi. Dakika ishirini za matokeo ya utafiti zinawapa watu sababu ya kuhudhuria. Fomu ya ridhaa nayo iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na isomwe kwa sauti kwa Kisukuma au lugha nyingine ya mahali pale kwa mzee asiyesoma. Tafsiri inayofanywa na mjumbe papo hapo mlangoni huacha nje sentensi moja kila mara: ile inayosema una haki ya kukataa.

Afya inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu Kanisa lina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, na chuo cha afya cha CUHAS kilichoanza pale mwaka 2003. Ifakara nako kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko. Ujuzi haukosekani. Kinachokosekana ni kurudia.

Chukueni kichocho cha tumbo kando ya Ziwa Victoria. Kipimo cha kawaida cha kazi za vijijini, Kato-Katz, si cha gharama kubwa: choo kinachujwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye kitundu chenye ujazo wa miligramu 41.7, kinafunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, kinasomwa kwa hadubini, na idadi ya mayai inazidishwa kwa 24 kupata mayai kwa kila gramu. Kasoro hutokea kwenye usafiri. Sampuli zikitayarishwa asubuhi kijijini na kusomwa jioni chuoni, mayai ya kichocho bado yataonekana, lakini ya minyoo ya safura yameshayeyuka. Hayo yanatakiwa kusomwa ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ripoti itasema safura haipo, na zahanati itaamini. Hadubini ipelekwe kijijini, hata kama ni moja, na msomaji akae nayo.

Kisha dawa. Praziquantel, dawa ya kichocho, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na kidonge kimoja ni miligramu 600. Mtoto wa kilo 30 anapata vidonge viwili, mtu mzima wa kilo 60 vinne. Pasipo mizani hutumika kijiti cha kupimia urefu. Mtoto anywe akiwa ameshakula, la sivyo tumbo linamuuma, anatapika, anaona kizunguzungu. Hili linaonekana dogo mpaka lipuuzwe. Mwaka 2008 huko Morogoro ugawaji wa dawa hizi shuleni ulizua uvumi kwamba watoto wamepewa kitu kibaya, wazazi wakakimbilia shuleni na vurugu zikatokea. Wazazi hawakuwa wameelezwa vya kutosha, na watoto wengine walikuwa na njaa. Kambi yoyote ya tiba inayoandaliwa na chuo iwe na uji uliopikwa kabla dawa haijafunguliwa, na mkutano wa wazazi angalau wiki moja kabla, ukiongozwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefahamika pale.

Na bado kambi moja kwa mwaka haitoshi. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huiacha, na mvuvi aliyetibiwa Jumamosi anaingia majini Jumatatu. Chuo kinachotaka kupunguza kichocho kwenye kata yake kitenge miaka mitano: kurudia tiba kwa kushirikiana na halmashauri, kuhesabu vyoo, na kusaidia kaya za kwenye miamba, ambako shimo haliwezi kuchimbwa, kupata choo cha juu ya ardhi au kuunganishwa kwenye mfumo wa majitaka. Darasa la mwaka wa tatu likiondoka, la mwaka wa pili lipokee daftari lilelile. Makabidhiano yafanyike mbele ya mganga mfawidhi wa zahanati, wiki mbili kabla ya mitihani. Yakifanyika baada ya mitihani, wanafunzi wameshapanda basi.

Hapa kalenda inadai neno lake. Muhula unafuata ratiba ya udahili, shida za watu zinafuata mvua, mavuno, msimu wa dagaa na ada za shule. Kuanzia Julai chuo kinakuwa kitupu kwa miezi kadhaa. Kila huduma inayotegemea wanafunzi hufungwa wakati huo, na mtu aliyefuata msaada akakuta mlango umefungwa mara mbili harudi mara ya tatu. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kila kituo cha huduma kiwe na mwajiriwa mmoja wa kudumu, hata kwa nusu siku, ambaye halipwi kwa muhula.

Msaada wa kisheria ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Ruaha na SAUT zinafundisha sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa usajili wa watoa huduma na ikatambua wasaidizi wa kisheria. Kinachotakiwa ni wakili anayesimamia, chumba chenye mlango unaofungwa ili mjane asieleze mambo yake mbele ya foleni, kabati la mafaili lenye ufunguo, na siku mbili zisizobadilika kwa wiki, moja ikiwa siku ya gulio au mnada, wakati watu wanashuka mjini. Mwanafunzi asikilize, aandike maelezo, asome tena kwa mteja, ampeleke kwa wakili. Asitoe ushauri peke yake. Sababu ni hii: tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Ardhi la Kata haliamui tena mashauri, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila usuluhishi, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanafunzi anayesoma vitini vya zamani atamwambia mtu asubiri hukumu ya kata, na mtu huyo atasubiri kitu kisichokuja huku mpaka wa shamba unasogezwa.

Kituo hichohicho kinaweza kusaidia vikundi vinavyoomba mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinakwama kwenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi, na mara nyingi andiko linaandikwa na mtu wa stesheneri kwa malipo, linafanana na la kikundi jirani mpaka majina ya bidhaa. Wanafunzi wa uhasibu na biashara wafanye kazi hii kama zoezi lenye alama: wakae na kikundi, wahesabu mtaji, wapige hesabu ya miezi ambayo mauzo hushuka. Andiko liwe la kikundi chenyewe, na mweka hazina aweze kulieleza bila kusoma.

Sasa jikoni kwenu. Chuo kinacholisha maelfu ni soko kubwa kuliko mradi wowote wa jamii, lakini mahindi na maharage hununuliwa kwa mzabuni mmoja wa mjini, kwa sababu mkulima hana mashine ya stakabadhi na hawezi kusubiri malipo miezi miwili. Zabuni igawanywe. Gunia hamsini kwa chama cha wakulima wa kata, mboga kwa vikundi vya akina mama kwa zamu ya wiki, malipo ndani ya siku 14. Ubora usilegezwe. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Basi chuo kinunue kipima unyevu, kikitumie ghalani mbele ya muuzaji, na kiwafundishe wakulima kipimo cha nyumbani: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, chumvi kavu, mahindi, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi kama asilimia 15. Isiponata, mahindi yanakaribia kufaa, ila bado yaanikwe siku mbili tatu juu ya turubai. Gunia linaloshindwa kipimo lirudi na mwenyewe pamoja na maelezo ya maandishi, asije akadhani amenyimwa kwa sababu ya dini au ukoo.

Kuhusu nyumba za kupanga tutasema machache. Wenye nyumba wanadai kodi ya miezi sita, wanafunzi wanajazana wanne chumba kimoja, ugomvi wa kuchangia LUKU, umeme wa kulipia kabla, hauishi. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikague nyumba mara moja kwa mwaka pamoja na mwenyekiti wa mtaa, itazame choo, maji, nondo za madirisha, mita ndogo ya umeme kwa kila chumba na taa njiani, ibandike orodha ya nyumba zilizofaulu, na itoe mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili. Wenye nyumba watatengeneza vyoo ili waingie kwenye orodha hiyo.

Nani asimamie haya yote? Kuna tabia ya kupitia parokia peke yake: paroko anatangaza baada ya misa, jumuiya ndogo ndogo zinapeleka habari, WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanaandaa chai. Mtandao huo ni hazina, na hakuna ofisi ya serikali inayoifikia nyumba ya mgonjwa haraka kama jumuiya. Lakini majirani wa vyuo hivi wengi si Wakatoliki. Ni Waislamu, ni wa kanisa la AIC (Africa Inland Church), Walutheri na wa dini za jadi, nao wakisikia habari kanisani tu watajua hazikuwa zao. Kwa hiyo mlango wa kwanza uwe ofisi ya mtaa au kijiji, na parokia iwe mlango wa pili, sambamba na msikiti na makanisa mengine.

Iundwe kamati ya ujirani ya watu tisa: watatu wa chuo, akiwemo mtu wa fedha, watatu waliochaguliwa na mkutano wa wananchi, angalau wawili wanawake, mtendaji, mganga mfawidhi au mwalimu mkuu, na mwakilishi wa wanafunzi. Wakutane kila baada ya miezi miwili, safari moja chuoni, safari nyingine ofisi ya mtaa. Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa. Posho ya kikao isiwepo, iwe nauli na chai, kwani posho ikianza wajumbe wa wananchi wataacha kuuliza maswali magumu. Mtu wa fedha tumemtaja makusudi. Kamati zisizo na mhasibu hupitisha maazimio, kisha wiki tatu baadaye huambiwa fungu halipo.

Kuhusu fungu, tunaomba asilimia moja ya makusanyo ya ada kila mwaka, yenye namba yake kwenye bajeti, isihamishiwe kwenye mahafali wala mapokezi ya wageni. Iwe ya nauli za wanafunzi kufika kaya za mbali, vitendanishi, karatasi, mafuta ya gari na mshahara wa yule mwajiriwa wa nusu siku. Na saa za mhadhiri anayesimamia kituo cha sheria au kambi ya afya zihesabiwe kama saa za kufundisha. Kwa sasa mhadhiri anapanda cheo kwa machapisho. Anayekaa gulioni kila Jumatano anabaki nyuma ya mwenzake aliyekaa ofisini akiandika. Mkitaka kazi hii ifanywe na walimu wenu bora badala ya wale wapya wasio na nguvu ya kukataa, hapo ndipo pa kuanzia, na uamuzi huo uko mikononi mwa mabaraza ya vyuo.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa, yakitaja jina la mhusika, kiasi kilichotengwa na tarehe ya kikao cha kwanza cha kamati. Yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chuo na kwenye ubao wa ofisi ya kila mtaa unaopakana nacho.

Ni sisi,
wahadhiri, washauri wa wanafunzi, wasaidizi wa kisheria na watendaji wa mitaa jirani na vyuo